Mtani Asiyejibu

Oktoba 2021, wachuuzi walipokuwa wakiondolewa pembezoni mwa barabara za Dar es Salaam, neno moja lilitawala redioni kuanzia taarifa ya alfajiri hadi vipindi vya usiku. Wamachinga. Wamachinga watapangwa upya, wamachinga wametengewa masoko, wamachinga wa Kariakoo wanalalamika. Wasikilizaji walielewa bila kufafanuliwa: wauza viatu, wauza vikombe, vijana wenye rundo la mashati begani. Wachache walikumbuka kwamba mkoani Lindi wapo watu wanaoitwa Wamachinga kwa sababu ndilo kabila lao. Wana lugha yao, Kimachinga, wana mikorosho yao, na wana wazee ambao hawajawahi kuuza hata sindano barabarani.

Inavyosimuliwa, vijana wa kusini walioingia Dar es Salaam kuuza bidhaa mkononi walikuwa wengi kiasi kwamba jina la kabila likageuka jina la kazi. Wapo wanaodai neno limetoka kwenye Kiingereza cha kutembea kwa mwendo wa gwaride. Dai hilo lina harufu ya kijiweni, ila linapendwa, labda kwa sababu linamwondolea msemaji wajibu wa kuwakumbuka watu wa Lindi. Vyovyote iwavyo, leo Mmachinga wa kweli akijitambulisha mjini huulizwa anauza nini.

Hakuna aliyekufa kwa kuitwa machinga, na kati ya yote yatakayotajwa hapa hilo ni jepesi kuliko mengine. Lakini linaonyesha namna mambo yanavyokwenda. Jina la watu wachache linachukuliwa na watu wengi, linapewa kazi nyingine, linarudiwa na vyombo vya habari mpaka linazoeleka, na wenye jina hawaulizwi.

Afrika Mashariki ina mtindo mkongwe wa kumjua mtu kupitia kinywa cha jirani yake. Wadatoga wa Hanang na Mbulu walijulikana kwa muda mrefu kama Mang'ati, neno lililotoka kwa Wamasai, na maana yake ni adui. Mmasai alikuwa na sababu zake. Amepigana na Mdatoga vizazi kwa vizazi, wameibiana ng'ombe, wameheshimiana kama maadui wanavyoheshimiana. Mhariri wa Dar es Salaam hakuwahi kuibiwa ndama na Mdatoga, lakini naye akamwita adui, asijue anachosema. Wahadzabe wa kandokando ya ziwa Eyasi waliandikwa Watindiga. Watwa wa misitu ya Kongo, Uganda, Rwanda na Burundi hadi leo huitwa mbilikimo katika habari za Kiswahili, neno ambalo mtoto hulikuta kwanza kwenye hadithi za bibi, likiwa jirani na mazimwi.

Kisa cha Waogiek kina uchungu zaidi. Wamasai waliwaita wawindaji na warina asali wa misitu ya Mau kwa neno lenye maana ya watu wasio na ng'ombe, na kwa Mmasai asiye na ng'ombe ni maskini, hana zaidi. Wazungu wakalichukua wakaliandika Dorobo, Kiswahili kikasema Wandorobo. Sasa fungua kamusi. Ndorobo ni yule nzi anayeeneza malale kwa watu na nagana kwa mifugo, ambaye wengine humwita mbung'o. Hakuna aliyekaa chini akapanga kuwafananisha watu hao na nzi. Maneno yalikutana tu katika matamshi, na hakuna mhariri aliyeona haja ya kuyatenganisha.

Habari za Mau zilipopamba moto nchini Kenya, hasa kuanzia mwaka 2009 serikali ilipotoa amri watu wahame msituni, maneno yaliyotumika yalikuwa mawili: wavamizi na chemchemi. Wavamizi wanaharibu chemchemi za maji za taifa. Ndani ya kapu hilo la wavamizi waliwekwa wote pamoja: mwanasiasa aliyejikatia mamia ya ekari, mkulima aliyeuziwa hati ya uongo, na Mogiek ambaye babu yake alitundika mizinga humo kabla Kenya haijaitwa Kenya. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu Waogiek 52,596. Kwa idadi hiyo wangejaza uwanja mmoja mkubwa wa mpira, lakini katika taarifa ya habari hawakuwa wakionekana hata kama safu moja ya viti.

Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki zao za ardhi, dini, utamaduni na maendeleo. Mwaka 2022 mahakama hiyo ikaagiza walipwe fidia ya shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhila mengine. Hapo vyombo vya habari vilikuja, vikaandika, na kwa haki ni lazima isemwe kwamba vingi viliandika vizuri na vilitumia jina Ogiek. Novemba 2023 nyumba zilipobomolewa tena huko Sasimwani, Narok, baadhi ya vichwa vya habari vilirudia wimbo wa zamani. Hukumu ya mahakama ilikuwa bado ipo, lakini neno wavamizi lilikuwa fupi zaidi.

Ukifuata pwani ya Kenya kuelekea kaskazini hadi Lamu utawakuta Waaweer. Msikilizaji huenda asiwajue kwa jina hilo, kwa sababu redio huwaita Waboni, na hilo nalo ni jina la kupachikwa, lenye asili ya Kisomali na lenye dharau ya tabaka la chini ndani yake. Septemba 2015 serikali ya Kenya ilianzisha operesheni ya kijeshi dhidi ya al-Shabaab katika msitu wao na kuiita Linda Boni. Kuanzia siku hiyo neno Boni likawa habari ya kila wiki: mabomu ya kutegwa, magari ya polisi, magaidi waliouawa. Pengine hakuna jina la jamii ndogo lililotajwa mara nyingi kama hilo katika habari za Kenya za miaka ile, na hakuna jamii iliyosikika kidogo kama hiyo. Waaweer hula asali, matunda ya mwituni na mizizi. Marufuku ya uwindaji ya mwaka 1977 iliwaondolea nyama, na operesheni ikawafungia asali. Shule za wadi ya Basuba zilifungwa. Mtoto wa Mangai au Mararani aliyekuwa darasa la kwanza wakati shule inafungwa alikuwa anakua nyumbani huku jina la kabila lake likisomwa kila jioni na mtangazaji aliyemaanisha miti.

Je, jina likishazoeleka haliwezi kubadilika? Linaweza, na ushahidi uko hapohapo pwani. Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai na ndugu zao waliitwa Wanyika kwa miaka mingi, watu wa porini, jina la mtu wa mjini Mombasa anayemtazama mtu wa bara kutoka kibarazani. Katika miaka ya 1940 wao wenyewe waliamua kuitwa Mijikenda, miji tisa. Leo hakuna kituo cha redio Mombasa kitakachothubutu kusema Wanyika hewani, na UNESCO ilipoyaingiza makaya yao katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008 ilitumia jina walilojichagulia. Hivyo pia Wasuk walivyokuwa Wapokot na Wanjemps wakawa Wailchamus. Tofauti ya Mmijikenda na Mwaweer haiko katika ubora wa hoja zao. Iko katika wingi wa kura. Wa kwanza ni wengi, wana wabunge na magavana, na redio inawahitaji wawe wasikilizaji.

Hapa ndipo wengi husema: jamani, mbona mnakuza mambo, huu si utani tu?

Basi na tuzungumzie utani, maana ni jambo zito kuliko wanavyodhani wanaolitumia kama kinga. Mngoni humtania Mzaramo, Msukuma humtania Mzaramo, Mnyamwezi ana orodha ndefu ya watani. Lakini utani una masharti. Sharti la kwanza ni kwamba mtani yupo mbele yako na ana ulimi kama wako. Ukimwita mla panya, atakuita jina litakalokufuata hadi kwa wakwe. Sharti la pili linaonekana msibani. Mtani ndiye anayeingia kwenye uwanja wa matanga akipiga kelele, analala njiani jeneza lisipite mpaka alipwe, anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na waliokuwa wakilia wanajikuta wakicheka. Ndiye pia atakayekuosha na kukuzika. Aliyekutania miaka 40 anakuwa na wajibu kwako ambao hata shemeji hana.

Sasa mchukue Mmasai wa kwenye vichekesho vya televisheni. Yupo getini na rungu na sime, anasema "yero" kila baada ya maneno matatu, hawezi kutofautisha ngeli, haelewi simu, na pesa akipewa anauliza ni ng'ombe wangapi. Anayemwigiza kwa kawaida si Mmasai. Aliyeandika mchezo si Mmasai, aliyeuhariri si Mmasai. Mmasai halisi anautazama akiwa zamu ya usiku kwenye simu ya mwenzake, au pale Kariakoo akisuka rasta za wateja, na zamu yake ya kujibu haifiki. Amegeuzwa mtani asiyejibu, na utani usio na jibu una jina jingine katika Kiswahili.

Mambo si rahisi kiasi hicho kila mara. Mzee Ojwang wa kipindi cha Vitimbi cha KBC aliwachekesha Wakenya kwa miongo kadhaa kwa Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kijaluo. Mwigizaji wake, Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Mama Kayai, mkewe wa kwenye mchezo, aliigizwa na Mary Khavere, ambaye ni Mluhya. Alipofariki Ojwang, Wajaluo waliomboleza kama waliofiwa na mjomba. Kwa nini hawakuchukia? Jibu moja ni kwamba Ojwang hakuwa lafudhi peke yake. Alikuwa mume, baba, mjanja, mwoga, mkarimu. Lafudhi ilikuwa koti lake, na ndani ya koti mlikuwa na mtu. Jibu la pili ni la hesabu: Mjaluo katika Kenya hiyohiyo alikuwa pia profesa, daktari, mwanasiasa na msoma habari. Koti moja la kuchekesha halikuweza kumfunika mwili mzima. Mhadzabe au Mogiek, ambaye huenda akatokea kwenye skrini mara moja kwa mwaka, hana makoti mengine kabatini.

Wasikilizaji wa umri fulani wataukumbuka mchezo wa Kiingereza uitwao Mind Your Language, ambao ulipendwa mno Nairobi na miji mingine ya kanda hii. Darasa la jioni London, mwalimu mmoja mpole, na wageni wa kila taifa wakiharibu Kiingereza kila mmoja kwa mtindo wa kwao: Singasinga, Mpakistani, Mhispania, Mwitalia. Ulianza mwaka 1977, na mwaka 1979 mkuu mmoja wa televisheni iliyoutengeneza, Michael Grade, aliusimamisha kwa kuona unawadhalilisha wahamiaji. Huku kwetu uliendelea kurudiwa kwa miaka mingi na kuchekwa kwa moyo mweupe. Waafrika walicheka kwa sababu darasani mle hawakuwemo. Na huenda, kwa mara ya kwanza, waliujua utamu wa kukaa upande wa wenye lugha.

Historia ya nguo ya Mmasai nayo inastahili dakika zake. Mwishoni mwa mwaka 1967 na mwaka 1968, viongozi wa mkoa wa Arusha waliendesha kampeni ya kuwavua Wamasai lubega, ngozi na ngeu. Ikaitwa Operesheni Dress-Up. Aliyevaa lubega alizuiwa kupanda basi na kuingia ofisi za umma. Magazeti ya Dar es Salaam yakajaa tahariri na barua za wasomaji. Upande mmoja ulisema taifa la ujamaa haliwezi kuwaacha wananchi wake nusu uchi ili watalii wapate cha kupiga picha. Upande mwingine ukauliza suruali inaleta maendeleo gani kwa mtu ambaye hana maji. Ni mjadala ambao bado unasisimua ukiusoma leo. Hoja ya kuwakataa wapiga picha wa kizungu haikuwa ya kijinga hata kidogo. Ilitoka kwa watu waliokuwa wamechoka kuonyeshwa kama wanyama wa mbugani. Kasoro yake ni kwamba wakubwa wa mjini ndio waliokuwa wakibishana, na Mmasai alikuwa mada.

Halafu miaka ikageuka. Lubega iliyozuia mtu kupanda basi sasa inachapishwa kwenye vipeperushi vya utalii, inapamba majarida ya ndani ya ndege, inauza maji ya chupa na laini za simu. Mwaka 2012 kampuni ya Ufaransa ya Louis Vuitton ilitoa mavazi ya wanaume yenye miraba ya shuka ya Kimasai. Mmasai arukaye juu huku jua likizama nyuma yake ni picha inayojulikana duniani karibu sawa na mlima Kilimanjaro. Lakini mwaka 2022, picha hizo zikiendelea kusambazwa, Mmasai wa Ngorongoro alikuwa akizungumzwa katika studio za Dar es Salaam kama tarakimu: watu wameongezeka mno, ng'ombe wameongezeka mno, hifadhi inakufa, nyumba za kuwahamishia huko Msomera wilayani Handeni zipo tayari. Aliyezoea kuonekana bila kusikika alikuwa ameandaliwa muda mrefu kwa siku ya kujadiliwa bila kuulizwa. Wapo waandishi walioenda Loliondo na Ngorongoro wakawapa wanakijiji kipaza sauti; kazi yao ilikuwa ngumu, na walikuwa wachache.

Wahadzabe wamepata bahati mbaya ya aina nyingine. Ni kama elfu moja na ushei, lugha yao haina undugu uliothibitishwa na lugha nyingine yoyote duniani, na baadhi yao bado wanaishi kwa mishale, asali na mizizi. Basi kila kamera inayofika Eyasi huja na sentensi iliyoandikwa kabla ya safari: hawa wanaishi kama binadamu wa kwanza alivyoishi. Televisheni za nje zilianza, za ndani zikafuata, sasa vijana wenye simu na akaunti za video wamezipita zote. Nyani anachomwa, moto unawashwa kwa kijiti, mtazamaji anashangaa. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati za kimila za ardhi yao, jambo lililohitaji ramani, mikutano, wanasheria na subira. Baadaye wakaingia katika biashara ya hewa ya ukaa, wakilipwa kwa kuutunza msitu. Hayo si matendo ya binadamu wa kwanza. Ni matendo ya watu wa karne hii wanaojua bei ya msitu wao kuliko wengi wetu tunavyojua bei ya kiwanja. Lakini jaribu kumshawishi mtengeneza video kwamba hati ya ardhi inavutia kuliko nyani.

Upo pia uchache wa namna tofauti, wa watu wenye duka. Mhindi wa vichekesho vya Afrika Mashariki anajulikana: bahili, mwoga, Kiswahili chake kimekatwa miguu, yuko nyuma ya kaunta na wafanyakazi anaowapunja. Ndani ya neno Wahindi wamesongwa Wagoa, Mabohora, Masingasinga, Waismailia, Wahindu wa Gujarati, watu ambao wao kwa wao hawaswali pamoja wala hawaoani kirahisi. Kinachofurahisha, kwa anayependa kejeli za historia, ni kwamba moja ya magazeti makubwa ya Kenya, The Standard, lilianzishwa Mombasa mwaka 1902 na Mhindi, A. M. Jeevanjee, likiitwa African Standard, kabla hajaliuza kwa Waingereza. Mjukuu wake, Zarina Patel, alikuja kuwa miongoni mwa waanzilishi wa jarida la Awaaz mjini Nairobi, ambamo Waasia wa Kenya wamejiandika wenyewe pamoja na mapambano yao. Pio Gama Pinto, mwandishi wa habari na mbunge aliyeuawa Nairobi Februari 1965, alikuwa Mgoa. Amir Jamal aliyeshika mkoba wa fedha wa Tanzania alikuwa Mhindi. Kwenye vichekesho hakuna Mhindi anayefanana nao.

Julai 2017, wiki chache kabla ya uchaguzi, serikali ya Kenya ilitangaza kwamba Waasia wa Kenya ni kabila la 44. Vichwa vya habari vilipenda namba hiyo. Kabla yao, mwezi Februari, Wamakonde walikuwa wameanza kupewa vitambulisho, nao wakaitwa kabila la 43. Hao walikuwa wazao wa vibarua waliotoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani tangu wakati wa ukoloni. Waliishi Kwale vizazi vitatu bila uraia, bila akaunti ya benki, bila kuweza kusajili hata laini ya simu kwa jina lao. Waliingia kwenye habari kwa miguu yao: Oktoba 2016 walifunga safari kutoka Kwale kwenda Ikulu, Nairobi. Kabla ya hapo Mmakonde magazetini alikuwa kinyago cha mpingo. Washona walifuata Desemba 2020, Wapemba wa Kilifi mwaka 2023. Kila mara habari iliandikwa kama zawadi iliyotolewa na rais, na mara chache kama deni lililolipwa kwa kuchelewa.

Redio yenyewe haiwezi kujitoa katika hesabu hii. Kanda hii inajua redio inaweza kufika wapi. Redio ya RTLM ilianza Kigali Julai 1993, ikiwa na muziki mzuri na watangazaji wacheshi, na watu waliwasikiliza kwa sababu walichekesha. Mtutsi akaitwa mende, kwanza kama mzaha. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, katika hukumu ya Desemba 2003, iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo na mhariri wa gazeti la Kangura. Katika mauaji ya kimbari ya Rwanda Watwa nao waliuawa kwa maelfu, jambo ambalo husahaulika hata na wanaokumbuka. Baada ya vita, Rwanda iliacha majina ya makabila katika lugha ya serikali, na Watwa wakaanza kuitwa walioachwa nyuma na historia. Shirika lao lenyewe lililazimika kubadili jina mwaka 2007. Nia ilikuwa kuponya. Lakini kwa mara nyingine jina lilitoka kwa mwingine. Burundi ilichagua njia tofauti: katiba ya mwaka 2005 iliwapa Watwa viti vitatu katika kila baraza la bunge, kwa jina lao.

Kwa hofu ya mambo kama ya RTLM, na kwa ajili ya umoja, kanuni za utangazaji za Tanzania kwa miaka mingi zilitaka vituo vitumie Kiswahili au Kiingereza. Kiswahili kimewafaa Watanzania sana kuliko wanavyokisifu, na mtangazaji huyu hatakuwa wa kukibeza. Ila kwa bibi wa Simanjiro anayejua Kimaa peke yake, kanuni hiyo ilimaanisha kwamba redio ni kitu kinachozungumza juu yake na si naye. Ndiyo maana kituo cha jamii cha Orkonerei, kilichoanzishwa Terrat wilayani Simanjiro mwaka 2002 na wafugaji wenyewe, kilikuwa jambo kubwa kuliko mnara wake ulivyoonekana. Mmasai alikuwa upande wa pili wa kipaza sauti. Angeweza, kama angetaka, kumtania mtu wa Dar es Salaam.

Kaskazini mwa Kenya, Loiyangalani, kando ya ziwa Turkana, kumekuwa na tamasha la utamaduni tangu mwaka 2008. Jamii 14 hukutana, hucheza, huvaa. Wanahabari husafiri mwendo mrefu na wa vumbi kufika, na kila tamasha hutafuta Waelmolo, kwa sababu sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu 1,104 tu na kwa sababu lugha yao karibu imekwisha. Wengi sasa husema Kisamburu. Picha hupigwa: mitumbwi, samaki, shanga, mama anacheza.

Katika miaka ya karibuni ziwa limepanda. Komote, kijiji cha Waelmolo, kimetenganishwa na nchi kavu kikawa kisiwa. Watoto wanavushwa kwa mashua kwenda shule, makaburi ya wazee yamezama, na bomba lililoleta maji matamu liko chini ya maji ya magadi. Habari hiyo nayo imefika kwenye televisheni, na mpangilio wake msikilizaji anaufahamu hata bila kuiona. Mtaalamu wa tabianchi anazungumza akiwa Nairobi, na chini ya picha yake panaandikwa jina lake, cheo chake na taasisi yake. Waziri anazungumza, naye vivyo hivyo. Kisha anaonekana mama wa Komote akiwa amesimama ukingoni, anaonyesha kwa kidole mahali nyumba yake ilipokuwa. Anasema kwa muda mrefu kuliko wote wawili, mkono wake ukienda kutoka kaburi hadi kaburi. Sauti yake inapunguzwa, mtangazaji anazungumza juu yake, na chini ya picha pameandikwa: Mkazi.